Magamba Ndani ya Bomba

3 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Najua utasoma barua hii umesimama, mgongo umeuegemeza kwenye ngazi ya boila ya mtambo wenu wa umeme, miwani umeipandisha kwenye paji la uso badala ya kuivaa machoni. Basi ishushe usome vizuri, maana nina habari.

Naolewa. Ni yule mwalimu wa hesabu niliyekuletea mwaka jana, ukamuuliza kama anajua kubadilisha koki ya bomba, akatoka jasho. Siku ni Jumamosi, tarehe thelathini na moja mwezi huu. Mama ameshalia, akanyamaza, akalia tena, na sasa anagombana na fundi cherehani. Kilichobaki ni wewe. Baba hayupo, na siku ile simtaki mtu mwingine kwenye kiti chake. Simtaki baba mdogo, sitaki jirani mwenye suti nzuri. Nakutaka wewe, hata ukija na ovaroli.

Mama anasema nisikutegemee, kwamba wewe ulishaoa boila na mke huyo ana wivu. Nami nakumbuka. Nilipohitimu hukuja, mtambo ulikuwa na shida. Baba alipofariki ulifika watu wameshatawanyika, viti vinapakiwa kwenye gari. Sikusema kitu. Safari hii nasema.

Kazi yangu ni ile ile: nachoma vipande vya chuma kwenye tanuri la maabara na kutazama vinavyoota ganda. Wenzangu wananiita mpishi anayeunguza kwa makusudi.

Mlete na Kicheko, msaidizi wako. Harusi bila yeye itakuwa kikao cha bodi.

Mpwa wako

—

11 Mei

Bi Maswali,

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisomea kwenye ngazi, miwani ikiwa kwenye paji la uso. Umeniroga?

Nimefurahi mpaka nikampigia kelele Kicheko, akadhani kuna moto. Amesema yeye atakuja hata kama mimi siji, na ameanza kutafuta viatu. Mwambie mwalimu nilimtania tu. Mtu anayetoka jasho mbele ya mjomba wa binti ana adabu.

Sasa nisikilize bila kukasirika. Juzi Kicheko aliweka sikio kwenye ukuta wa boila akasema, "Mzee, mle ndani kuna mtu anapiga mluzi." Nami nikasikiliza. Ni kweli. Bomba moja la mvuke, kwenye yale yanayoning'inia juu ya moto, limetoboka tundu kama la sindano. Itabidi tuzime, tukate kipande, tuchomelee kingine. Kukata na kuchomelea si kazi. Kazi ni kupoza. Boila yenye ukubwa wa ghorofa hupoa kwa wakati wake. Tunafunga kila mlango na kuiacha ijipoze yenyewe, hata ikichukua siku ngapi. Ndivyo nilivyofundishwa, ingawa aliyenifundisha hakuniambia sababu, nami sikumuuliza. Ningekuwa wewe ningemuuliza.

Nikipiga hesabu hiyo, naona tarehe yako itanikuta bado nimo ndani ya moshi. Mji mzima unategemea umeme wetu, hawawezi kunipa ruhusa boila ikiwa imezimwa.

Kinachonishangaza ni kwamba mabomba yenyewe ni ya stenlesi, ile ile ya masufuria ya watu wenye nafasi. Nilidhani stenlesi haizeeki.

Mjomba wako

—

16 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikitafuta neno "nitakuja". Nimekuta mluzi, nimekuta masufuria, hilo sikulikuta.

Ukumbi tumeshalipia. Viti vya mbele vitakuwa viwili vyenye kitambaa cheupe, cha mama na cha baba. Nimemwambia mwenye ukumbi asiondoe hata kimoja. Kwa hiyo usipofika kitakaa wazi, watu watakitazama, nami nitakitazama. Mama anataka kukijaza maua. Nimekataa. Kiti si kaburi.

Naomba unisaidie kuelewa. Bomba lina tundu la sindano. Limekaa na tundu hilo siku kadhaa, na linaweza kusubiri siku nyingine. Mimi sitarajii kuolewa mara ya pili. Kila jambo langu kubwa limegongana na boila yako, na kila mara boila imeshinda. Kama na safari hii itashinda, niambie mapema nizoee.

Sina la zaidi. Fundi cherehani ananisubiri.

Mpwa wako, kama bado unamkumbuka

—

9 Juni

Bi Maswali, au sasa niseme Bi Mwalimu,

Nimerudi salama, miguu bado inauma kwa kucheza, na mimi nilicheza wimbo mmoja tu. Kicheko je, aliyecheza zote? Njia nzima kwenye basi alikuwa anamsimulia kondakta jinsi mama yako alivyomshinda kwa madaha.

Nilipokaa kwenye kile kiti nilimfikiria shemeji yangu, baba yako, jinsi alivyokuwa akikubeba mabegani kukuleta getini kwetu uone moshi. Ulipogeuka ukaniona nimekaa, uso wako ulifanya kitu ambacho sitakisahau. Nikasema moyoni, kumbe kuwahi ni rahisi hivi.

Boila imewaka. Bomba jipya limeingia vizuri, tunakwenda nusu mzigo, yaani nusu tu ya nguvu yake. Mwisho wa mwezi watu wa viwandani wanarudi kazini, tutaweka mzigo wote.

Nina swali moja, si la haraka. Kile kipande cha bomba tulichokikata, tulipokigonga sakafuni vilitoka vipande vyeusi, vyembamba, vigumu, kama magamba ya samaki. Kicheko alisema boila imekula samaki bila kutukaribisha. Nimekutilia vichache kwenye kasha hili la kiberiti. Ukipata nafasi vitazame uniambie ni nini. Natuma kwa anwani ya hosteli, ile mpya ya kwa mwalimu bado sinayo.

Mjomba wako

—

30 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe tisa nimeipata leo asubuhi. Ilikuwa imelala kwenye meza ya mlinzi wa hosteli siku zote hizi, nami nilishahamia kwa mwalimu wala sikupita kuulizia. Nimefungua kasha nikiwa nimesimama pale pale kwa mlinzi, kisha nimekimbia posta. Telegramu nimeituma: ZIMENI BOILA MSIWEKE MZIGO WOTE KATENI MIKUNJO YA CHINI BARUA INAFUATA. Natumaini imekufikia kabla ya karatasi hii. Simu ya kituo chenu nimeipiga, haishiki.

Nisikilize sasa. Stenlesi haishiki kutu kwa sababu imechanganywa na kromi. Kromi ikikutana na hewa hutengeneza ngozi nyembamba sana juu ya chuma, ambayo jicho haliioni, na ngozi hiyo ndiyo inayokikinga. Kwenye sufuria inatosha maisha yote. Lakini ndani ya bomba lenu, penye joto lile na mvuke ule, ngozi haiachi kukua. Inanenepa mwaka hadi mwaka mpaka inakuwa ganda la tabaka mbili. La chini lina kromi, limeshikamana na chuma. La juu ni chuma kilicholiwa na mvuke, jeusi, gumu, halijui kupinda. Moto ukiwaka, vyote vinakaa pamoja bila ugomvi.

Kasheshe iko kwenye kupoa. Stenlesi inaponywea, inanywea sana. Ganda linanywea kidogo. Bomba likipoa polepole, ganda linapata muda wa kujirekebisha, au linabanduka kidogo kidogo. Likipoa kwa haraka, ganda linabanwa na chuma kinachosinyaa chini yake, halina pa kwenda, linatuna na kubanduka kwa wingi. Hayo ndiyo magamba yako.

Na mabomba yenu yananing'inia kama kamba za bembea, yamekunjwa chini. Magamba yanaanguka na kujaa pale kwenye mkunjo. Mkiwasha, bomba lililoziba halipitishi mvuke wa kutosha, na mvuke huo huo ndio unaolipoza bomba. Bila mvuke, bomba linachomwa nje na hakuna kinacholipoza ndani. Kwa nusu mzigo linaweza kuvumilia. Kwa mzigo wote litapasuka.

Niambie kitu kimoja, Mjomba: mliipozaje? Ukinijibu hilo nitajua ni mabomba mangapi ya kuogopa.

Mpwa wako

—

5 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Telegramu imefika, na barua imefika. Boila imezimwa. Tumekata mikunjo ya chini kama ulivyosema, na kweli tumekuta magamba yamejaa, mengine yamegandana kama masizi ya chungu. Ulivyoeleza ndivyo yalivyo. Wahandisi waliokuja kutoka makao makuu nimewaonyesha barua yako, wamenakili maneno yako.

Usihangaike kupiga simu. Msalimie mwalimu.

Mjomba wako

—

14 Julai

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo mara mia. Nilipopata barua yako nilikaa chini sakafuni jikoni nikacheka peke yangu mpaka mwalimu akatoka kuja kuangalia. Siku zile zote sikula vizuri. Kila nikifumba macho naona bomba limetuna. Kumbe mlishazima!

Nitajisifu kidogo, univumilie. Hapa maabara nimewasimulia wote. Mkuu wetu, mtu ambaye hajawahi kumsifu hata mkewe, amesema, "Basi kuunguza kwako kumefaa." Miaka yote nachoma vipande vidogo kwenye tanuri nikijiuliza vinamsaidia nani, na leo vimemsaidia mjomba wangu. Nikifikiria kwamba mngeweka ule mzigo wote, na wewe na Kicheko mmesimama pale chini, nashukuru telegramu iliwahi.

Barua yako ilikuwa fupi, najua umechoka. Ila hukunijibu mliipozaje. Nataka kujua kwa ajili ya kazi yangu tu.

Picha za harusi zimetoka. Yako nitakuletea mwenyewe. Ya Kicheko nimeituma moja kwa moja nyumbani kwake, ile aliyorusha mguu mmoja juu na kiatu kinataka kumtoka, mama anacheka nyuma yake. Nimemwandikia kwa nyuma: "Kwa mchezaji bora wa mwaka. Boila isikuzeeshe." Mwambie anijibu mwenyewe, asikutume wewe.

Mpwa wako, anayejivuna leo tu

—

2 Agosti

Binti yetu,

Habari za huko. Mimi ni mke wa Kicheko. Tulionana siku moja tu, ulipokuja likizo ukiwa shule, labda umenisahau. Naandika kukushukuru kwa picha. Tulikuwa na picha yake moja tu, ya kitambulisho, na hapo amenuna, hafanani na yeye. Hii ndiyo tumeiweka ukutani.

Niliposoma maneno ya nyuma nilijua hukuambiwa. Kwanza nilikasirika, halafu nikaona si kosa lako. Mume wangu hayupo, binti yangu. Bomba lilipasuka tarehe ishirini na nane Juni, mchana, siku waliyoweka mzigo wote. Alisikia sauti, akaenda kwenye kile kidirisha cha kuchungulia moto, maana ndiyo kazi yake, na mvuke pamoja na moto vikamtokea pale. Alilazwa. Aliongea mpaka siku ya mwisho, akawa anawachekesha manesi. Alifariki tarehe mbili Julai, tukamzika tarehe tano.

Mjomba wako hakutoka hospitalini siku zote zile. Hilo nalisema kwa sababu ni haki yake. Mengine aseme mwenyewe.

Mimi nina jambo moja. Hapa mtaani wanasema alizidisha moto. Wanasema kwa sauti ya chini, lakini watoto wanasikia, na mkubwa ameniuliza. Wakubwa wa mtambo walikuja, wakaongea maneno marefu, sikuyaelewa hata moja, nikaona aibu kuuliza. Nasikia wewe ndiye uliyesomea vyuma hivi. Naomba uniambie kwa lugha ya mtu wa kawaida: mume wangu alikosea?

Mimi, mke wa Kicheko

—

9 Agosti

Mjomba,

Shikamoo.

Mke wa Kicheko ameniandikia.

Tarehe tano mlitoka kumzika, ukakaa mezani ukaniandikia "boila imezimwa". Nimeirudia barua ile neno kwa neno. Hakuna uongo hata mmoja ndani yake, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwamba ulikaa ukachagua. Umeniacha nicheke. Umeniacha nijisifu mbele ya watu. Umeniacha nimtumie marehemu picha na utani nyuma yake. Mama naye alijua! Nimemuuliza, ameinamisha kichwa. Mlijua wote isipokuwa mimi.

Baada ya hasira hiyo imekuja nyingine, ya kujikasirikia mwenyewe. Barua yako ililala kwa mlinzi siku chungu nzima, nami kila siku nilipita kwenye ile barabara kwa basi. Ningeshuka mara moja tu. Na kabla ya hapo, uliponiandikia Mei kwamba boila lazima ijipoze yenyewe na hujui kwa nini, mimi nilijua kwa nini. Ndicho nilichosomea. Nilichukua kalamu nikakuandikia ukurasa mzima wa viti na vitambaa. Ningeweza kuongeza mstari mmoja: msiiharakishe. Sikuongeza.

Sasa nijibu. Nimekuuliza mara mbili. Mliipozaje?

Mpwa wako

—

17 Agosti

Mwanangu,

Marahaba.

Tuliipoza kwa feni.

Barua yako ya viti ilipofika tulikuwa tumeshazima. Nikapiga hesabu tena, nikaona nikiiacha ijipoze yenyewe sitafika. Nikasema mlango wa chini ufunguliwe na feni za kuvuta hewa ziwashwe. Kicheko aliniuliza, "Mzee, mapema hivi? Si bado inaunguza?" Nikamwambia, "Fungua. Harusi haisubiri." Akacheka, akasema, "Basi leo nayo itapata mafua," akafungua. Hewa ya baridi ilipita mle ndani ikinguruma mpaka asubuhi. Ndiyo maana tuliwahi. Ndiyo maana uliniona kwenye kiti.

Usidhani nimeficha ili nijikinge. Wachunguzi walipofika, siku ya kwanza, kabla hawajafungua madaftari yao, niliwaambia: feni ni amri yangu, marehemu alitii. Nimeondolewa boila, sasa niko kwenye matangi ya maji. Niliwaambia wakubwa, nikamwambia mama yako, nikamwambia mke wa Kicheko pale pale hospitalini, mumewe akiwa bado anapumua. Kicheko mwenyewe alisikia. Alisema, "Mzee, tulicheza lakini." Ndilo neno la mwisho aliloniambia mimi.

Aliyebaki ni wewe tu. Nilikaa mezani nikataka kuandika, nikaona kwamba nikikuambia bomba limepasuka utauliza tuliipozaje, nikikuambia feni utauliza kwa nini, na nikikuambia kwa nini, basi harusi yako haitakuwa harusi tena. Nilitaka kitu kimoja katika haya kibaki kizima. Nikamwomba mama yako anyamaze. Nilidhani ninakutunza. Sikufikiria kwamba ungemwandikia Kicheko mwenyewe.

Kuhusu ule mstari mmoja, usijibebeshe. Kanuni ya kutoiharakisha nilikuwa nayo maisha yangu yote ya kazi. Sikuhitaji kujua sababu ili niifuate. Wewe uliniita, na mtu ana haki ya kumwita mjomba wake. Kufungua nilifungua mimi.

Ukitaka kuninyamazia, nitaelewa.

Mjomba wako

—

26 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Sijui bado nakuonaje. Siku nyingine nakuonea huruma mpaka nalia, siku nyingine nataka kukupigia kelele.

Nakuja Jumamosi. Usinipokee stendi. Nitakwenda kwanza kwa mke wa Kicheko, peke yangu. Aliniuliza swali, na swali lile halijibiwi kwa posta. Nikimaliza, kama bado nina nguvu, nitapita kwako kabla ya basi la jioni.

Mpwa wako

—

21 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Natumaini ulifika salama. Siku ile ulipopita kwangu ulikaa kidogo, ukanywa maji, hukusema mlichoongea kule, nami sikuthubutu kuuliza. Ulipoinuka uliniinamia ukanipa mkono kama zamani. Nakushukuru kwa mkono ule.

Nakuandikia kwa sababu ya jambo la jana.

Maji yalikatika kwenye nyumba zetu za wafanyakazi, wote tukaenda kwenye bomba la pamoja nyuma ya karakana. Nilikuta foleni ndefu, wanawake na baadhi ya vijana wa zamu. Mke wa Kicheko alikuwa mbele. Tangu mazishi hajawahi kunisemesha. Tukikutana hupita upande wa pili, nami huinamisha macho.

Mmoja wa wale vijana, ambaye hakumwona, alisema ile habari ya kuzidisha moto. Mama yule akaweka ndoo chini. Akasema, "Njoo hapa nikufundishe." Akavua kandambili moja, akaishika mkononi, akasema hili ni bomba. Akachukua ganda la ndizi lililokauka pale chini, akalilaza juu yake. Akaeleza, mwanangu, ungemsikia! Chuma kinaota ngozi ndani kwa sababu ya mvuke. Ngozi haina ubaya, inamkinga mwenzake. Lakini ukikipoza kwa pupa, chuma kinasinyaa na ngozi haisinyai sawa, inabanduka, inaanguka chini, inaziba. "Halafu unawasha," akasema. "Bomba lina kiu na mvuke haupiti. Moto hata uwe wa kawaida, litapasuka tu. Moto wa mume wangu ulikuwa wa kawaida. Vipimo vinaonyesha. Alikwenda kuchungulia kwa sababu alisikia, wengine wote hawakusikia."

Yule kijana akauliza polepole, "Sasa kwa nini walikipoza kwa pupa?"

Nilikuwa nyuma na ndoo yangu. Ningeweza kuondoka, hakuna aliyekuwa ananitazama. Yeye akageuka akanitazama moja kwa moja, mara ya kwanza tangu makaburini.

"Huyu hapa ndiye aliyesema wafungue," akasema. "Alitaka kuwahi harusi ya mtoto wa dada yake. Na mume wangu alifungua akicheka, kwa sababu alitaka kwenda kucheza."

Hakupandisha sauti. Hakuongeza neno wala hakupunguza. Watu wote wakageuka, nami nikasimama pale pale, nikawaacha wanione. Nikasema, "Ndivyo ilivyokuwa."

Akavaa kandambili yake. Akainua ndoo yake iliyojaa, akajitwika. Alipofika usawa wangu nikadhani atapita upande wa pili kama siku zote. Akasimama.

"Sogea mbele uchote," akaniambia. "Maji yanapungua."

Mjomba wako